Swali la Sigara Mbele ya Mchungaji

Nilimwambia Mchungaji Omosa abaki kwa gari. Wapi! "Mzee wa kanisa akiugua, sote tumeugua," akasema, akaingia nasi kwa daktari pale Homa Bay, akaketi kati yangu na mume wangu, Biblia mapajani. Kanisa letu la Oyugis ndivyo lilivyo. Mgonjwa haachwi peke yake, hata pale anapohitaji kuachwa.

Mume wangu Mayaka alikuwa amekohoa miezi minane. Sita kati ya hiyo alimeza dawa za TB, na kikohozi hakikusikia. Alikuwa amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba.

Daktari Liz, binti mdogo mwenye macho makali, alikuwa na fomu ya utafiti. Wanapima vitamini D kwenye damu, akatueleza, na wanaangalia jeni pia, maana kila mtu amerithi namna yake ya kuitumia hiyo vitamini. Wanataka kujua kama hayo yanahusiana na saratani ya mapafu, kwa wavutaji na wasiovuta.

"Mvutaji anayekohoa hivi ana nafasi ya picha ya CT leo leo," akasema. "Asiyevuta anaingia foleni ya kawaida, wiki sita. Mzee, umewahi kuvuta sigara?"

"Mimi?" Mayaka akacheka kidogo. "Mimi ni Msabato, daktari."

"Amina," akasema Mchungaji.

Msabato! Nilitamani kumfinya. Huyu huyu alianza kuvuta kwenye migodi ya dhahabu ya Masara kabla hatujaoana, na mpaka leo hujificha nyuma ya choo, kisha anatafuna majani ya mpera kuua harufu. Juzi juzi alisikia kwa redio kwamba vitamini D inalinda mapafu. Basi, akanunua tembe kwa duka la dawa la Abdurahman, na kila asubuhi anaota jua kifua wazi. Akimaliza kuota jua, huyo, nyuma ya choo, roho kwatu.

Nikisema, Sabato ijayo watamfuta ushirika, na uzee wa kanisa ndio heshima pekee aliyobaki nayo. Nikinyamaza, wiki sita hazifiki, namzika. Ee Nyasae, Mungu wangu!

Daktari akaandika, akafungua ukurasa wa pili.

"Anavuta!" Nilipiga kelele mpaka mtu akachungulia mlangoni. "Daktari, anavuta sigara!"

"Mama Nyatichi, nyamaza!" Mayaka akanifokea.

"Sinyamazi! Kasirika, niache, lakini uwe hai!"

Mchungaji alitazama Biblia yake. Mayaka alianza kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Paketi moja kwa siku," akasema mwishowe. "Lakini siku hizi nameza vitamini, daktari."

"Kama vitamini inasaidia, bado tunachunguza, mzee. Lakini moshi tunaujua, na vitamini haiufuti." Akachukua fomu nyingine, akaandika haraka haraka, akampigia simu mtu wa mashine.

Kisha akafungua faili ya zamani, ile ya kliniki ya Oyugis. Akakunja uso.

"Hapa pia mliandikisha kwamba havuti. Miezi minane imepita hivi hivi. Mama, siku hiyo ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshikia koti. Nilisikia swali, nikasikia jibu, nikawafikiria akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake kanisani ambacho mimi ndiye mwenyekiti wake, nikatazama ukuta.

Mchungaji aligeuka kunitazama.

"Hakujua," Mayaka akasema upesi. "Nilimficha, daktari. Amegundua jana tu. Usimlaumu mke wangu."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika bega. Nikautoa mkono wake.

"Anadanganya tena," nikamwambia daktari. "Nilijua."