Mabati Sita

Véronique, mama mkwe wa binti yangu, alivuka kutoka Burundi kuja gulioni Kanazi, huku Tanzania, na faranga alizodunduliza miaka minne. Alitaka mabati ishirini kabla ya masika.

Venance mwenye duka alimpa kiti na maji ndipo akapiga hesabu. "Pole, mama. Faranga imeshuka; siku hizi hizi zako zinatosha sita."

"Lakini redio inasema Tanzania ndiyo inadaiwa zaidi kuliko Burundi," nikasema. "Mbona pesa iliyokufa ni yao?"

"Sisi bado tunakopeshwa, bibi. Wao nani awakopeshe?"

Véronique akacheka. "Basi nikopeshe wewe, baba. Kumi na manne tu."

Venance akainamisha kichwa. "Ukishavuka mpaka nitakudai wapi?"

"Andika jina langu," nikamwambia.

"Bibi, lako lina deni la mbolea tangu mwaka jana."

Venance aliyafunga mabati sita kwa kamba yake mwenyewe, bure, akamtwisha mgeni wangu taratibu. Véronique alisema yatatosha upande wanakolala wajukuu. Yeye atalala wapi hakusema, nami nikakosa moyo wa kumwuliza.