Pua ya Kazi

Ng'washi aliinua sangara kutoka kwenye kreti, akamfungua shavu kwa kidole gumba, akamleta puani. Hakusikia kitu. Akavuta pumzi tena kwa tundu la kushoto, maana la kulia lilikuwa limeziba tangu baada ya Pasaka, na bado hakusikia kitu, si maji ya ziwa, si damu, si uvundo. Akaibia jicho meza ya pili. Paskazia, mwenzake wa miaka yote hapo mlango wa kupokelea samaki, alikuwa amekunja uso kidogo kwa samaki wa mtumbwi uleule. Basi Ng'washi naye akakunja uso, akamtupa sangara upande wa waliokataliwa.

Ndivyo alivyokuwa akiishi siku hizo, kwa uso wa Paskazia. Paskazia angepatwa na mafua, wote wawili wangekosa kazi.

Na huyu ndiye yule ambaye madereva wa malori ya samaki walikuwa wakimwogopa kuliko yeyote kiwandani. Zamani hakuhitaji hata kuinama. Samaki alipita mbele yake kwenye toroli, naye alishasema huyu amelala nje ya barafu, huyu ameoshwa aonekane mpya, mrudisheni. Pua yake ilikuwa pana, bapa, matundu wazi, pua ya mama yake na ya bibi yake, na ndiyo iliyomlisha yeye na binti zake wawili tangu baba yao alipokwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Mungu alimpa jembe, naye akaenda kulikata mpini.

Kisa ni wivu. Tusizunguke mbuyu.

Kemilembe alikuja kutoka Bukoba na cheti cha kidato cha nne, akawekwa kwenye meza ya Ng'washi afundishwe kunusa. Ng'washi alimfundisha kwa moyo mmoja. Binti hakuweza, masikini; kwake yeye kila samaki alikuwa mzima. Lakini alikuwa na pua nyembamba iliyonyooka kuanzia kwenye nyusi hadi chini, na kabla mvua za vuli hazijakatika, akapandishwa ghorofani kuwapokea wageni waliokuja kununua minofu. Akapewa ajira ya kudumu. Akapewa na sare nyeupe ambayo haikuwahi kurukiwa na damu. Ng'washi, mwaka wa tano huo, alikuwa bado kibarua anayesimama getini kila asubuhi akingoja kuitwa jina.

Akajipa moyo akaenda kwa meneja, Ndalahwa, Msukuma mwenzake, tena mtu wa kwao Magu kabisa. Alimwamkia shikamoo. Ndalahwa aliitikia macho yakiwa kwenye makaratasi.

"Mayu, mgeni akishuka kwenye ndege anataka kuona sura," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma chao. "Wewe sura yako ni ya kazi."

Maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa sato. Tangu siku hiyo hakumwona tena Kemilembe kama mtu; aliiona pua ikipanda ngazi, pua ikishuka ngazi. Alichukia viatu vyake vikavu. Alichukia kicheko chake kilichosikika dirishani juu wakati wao chini wanamwaga maji. Zaidi ya yote alichukia salamu yake, kwa kuwa binti alikuwa na adabu, hakumpita bila kusema "shikamoo dada". Mtu unayemwonea wivu afadhali awe na kiburi, upate pa kushikia. Huyu hakumpa hata hicho.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo watu wasemavyo. Ng'washi hakukonda. Alikwenda kwa daktari.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mwenye fremu alifungua duka, mwenye koti jeupe alifungua zahanati. Daktari Privatus alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la matairi, na ukutani picha za wanawake wa Kizungu, kabla na baada. Alisema amesomea urembo ng'ambo. Ng'washi alimpa fedha yote ya upatu, zamu yake aliyokuwa ameitengea sare na karo za wanawe. Privatus akamchana, akayabana mabawa ya pua kwa uzi, akapachika kijiti cha plastiki juu ya mfupa. Hakumwuliza anafanya kazi gani. Naye Ng'washi hakusema. Aliona aibu kutaja samaki mbele ya picha zile.

Tuseme ukweli, kwa majuma mawili alipendeza. Getini Paskazia alimpita bila kumtambua, kisha akarudi akamzunguka, akacheka mpaka akakaa chini. Ndalahwa alimtazama mara mbili, akampa hongera, akaingia ofisini akafunga mlango. Nafasi ya mapokezi ilikuwa moja, na ilikuwa na mwenyewe.

Halafu kijiti kikaanza kuhama. Kikalala upande wa kulia, pua ikakifuata, tundu la upande huo likajiziba, la pili likawa linapitisha pumzi bila harufu, na asubuhi moja Ng'washi alichemsha dagaa wakaungua hadi majirani wakaja kugonga, yeye amekaa palepale jikoni hajui lolote. Alipopanda tena ngazi za daktari, alikuta vyumba vimejaa marobota ya mitumba. Mwenye duka la matairi alimwambia daktari amehamia Kampala, au Nairobi, hakuwa na hakika.

Alijificha nyuma ya uso wa Paskazia mpaka Paskazia alipokwenda kwenye msiba Misungwi. Siku hiyo Ng'washi alipitisha lori zima la sangara waliooza. Wakata minofu ndani waliweka visu chini wakakimbilia nje. Ndalahwa alimwita, na safari hii alimtazama vizuri, akaiinamia ile pua iliyopinda.

"Nilikuchukua kwa sababu ya pua," alisema. "Nenda ukaitengeneze. Isipofanya kazi, usirudi."

Ng'ambo ya ghuba, ndani kidogo ya Kamanga, palikuwa na hospitali ndogo ya misheni, Nyamalunda, na watu walisema daktari bingwa wa pua na masikio amekuja kutoka Dar kwa siku chache, hatozi kitu. Ng'washi alivuka na kivuko cha asubuhi akiwa na kanga ya kubadili na chupa ya uji. Alilala barazani siku mbili akisubiri. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, zamu yake ikafika.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Wilhelmina jina lake, mwenye vidole vyepesi. Aliibonyeza ile pua, akaimulika ndani, akamwambia kijiti angekitoa siku hiyohiyo. Tundu lingefunguka, na harufu huenda ingerudi, kwa kuwa hakuwa amechelewa sana. Ila pua ingekuwa pana tena, na kovu juu.

"Haitanyooka?" Ng'washi aliuliza.

"Mama, unataka kunyooka au unataka kunusa?"

Ona jinsi wivu ulivyo: mtu yuko ukingoni mwa shimo, bado anachagua nguo ya kutumbukia nayo. Aliiona pua ya Kemilembe ikipanda ngazi. Kisha akawaona wanawe waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

"Kunusa," alisema, na lilimuuma kulisema.

Akavishwa gauni la kijani, akakalishwa kwenye benchi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Baada yake daktari angewahi kivuko cha jioni. Nje jenereta lilinguruma, na ubavuni mwake jina la kiwanda lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwamba ndio waliolitoa sadaka.

Ndipo gari la kiwanda likaingia uani. Alishuka Ndalahwa, akazunguka, akamfungulia mlango Kemilembe. Kitambaa chenye damu kilifunika uso wake kuanzia machoni hadi kidevuni. Ndalahwa aliingia kwa mganga mkuu. Kemilembe akaketi kwenye benchi, karibu kabisa.

"Shikamoo dada," alisema ndani ya kitambaa.

Ng'washi aliitikia marahaba. Akamwuliza amefanya nini. Binti alisema ameanguka ngazi. Kisha, akiwa anatazama sakafu, akasema jingine, kwa sauti ndogo:

"Mgeni alitaka nimpeleke chumbani kwake. Nikakataa. Bosi akasema nimemharibia mkataba. Mjini wangeuliza maswali, ndiyo maana amenileta huku."

Mwanamke mwingine angemshika mkono. Ng'washi mwenyewe alijua hilo, na mkono wake ulikuwa pale pale juu ya benchi. Lakini kilichomjaa kifuani hakikuwa huruma. Aliwaza kwamba hata kupigwa, huyu amepigwa na mtu mwenye gari. Yeye alivunjika peke yake akavuka ziwa na chupa ya uji. Huyu anavunjwa na kuletwa hadi mlangoni. Akauficha mkono chini ya gauni.

Ndalahwa na mganga mkuu walitoka wakicheka jambo lao. Daktari Wilhelmina aliitwa pembeni. Alisikika akisema kuna mama alitangulia, naye mganga mkuu akamwonyesha saa, kisha akamwonyesha jenereta kwa kidevu. Daktari alisimama kidogo. Halafu akaja akamwinua Kemilembe.

Ndalahwa akaketi pale binti alipotoka.

"Mayu, wewe ni mtu wa nyumbani, utaelewa," alisema kwa Kisukuma, kwa upole. "Ya huyu imevunjika jana, itanyooka. Ya kwako imeshazoea. Wageni wanafika wiki ijayo."

Ng'washi alijibu kwamba ameelewa. Akarudisha gauni, akafunga kanga. Kwenye kivuko alisimama upande ambao watu wasingeona uso wake.

Jumatatu alisimama getini kama kawaida. Jina halikuitwa. Wenzake walipokwisha kuingia, Ndalahwa alimwita mwenyewe, na hakuwa na hasira. Alimwambia huko nyuma kwenye mapanki, mabaki ya samaki, wanahitaji mtu. Kila anayepelekwa hamalizi wiki, anatapika, anakimbia. Malipo ni nusu ya yale ya mlangoni.

"Lakini wewe harufu haikusumbui," alisema.

Sasa yuko huko. Mifupa na vichwa vya sangara, kila kilichobaki minofu ikishapaa kwenda Ulaya, humwagwa uwanjani, naye huvigeuza juani juu ya vichanja, funza wakimdondokea miguuni, macho yakimwaga machozi kwa ule mvuke asioujua. Jioni wanawake wa Kirumba huja kununua kwa ajili ya watoto wao, wamejifunga kanga puani, wakimtazama yeye asivyojifunga kitu.

Juzi gari la kiwanda lilipita na wageni. Kemilembe alikaa mbele, pua yake imenyooka, imepona vizuri kabisa. Alipofika usawa wa vichanja alimwona Ng'washi, akataka kumwamkia, midomo ikafunguka. Uvundo ukamwahi. Akakibana kitambaa puani, akajikunja, mabega yakimtikisika, na gari likapita.

Ng'washi alimwonea wivu hata ule uvundo. Akaokota kichwa cha sangara, akafungua shavu kwa kidole gumba, akakileta puani, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.