Kifua cha Baruti

Majirani walimwita Baruti, na si kwa ushujaa. Alikuwa fundi wa makochi, na alipokohoa karakanani kwake, waliokuwa wakipita nje waligeuka kutazama kilicholipuka. Mwenyewe alijiona mtanashati. Kutema kohozi mbele ya watu kwake ulikuwa ushenzi, kwa hiyo kila lililopanda alilimeza kistaarabu.

Alipolazwa tena kwa homa ya kifua, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja mfupi asiye na soni, alimweleza kwamba njia zake za hewa zimepanuka na kulegea kama soksi kuukuu. Haziwezi tena kujisafisha. Ugonjwa hautaondoka, ila uchafu unatoka ukifukuzwa, asubuhi na jioni. Alale kiubavu, makalio juu kuliko kichwa, apigwepigwe mbavuni. Kisha avute pumzi ndefu, aizuie kidogo, aisukume nje mdomo wazi, haaa, kama anayetia ukungu kwenye kioo cha miwani. Halafu ateme. Habari ya kumeza iishe.

"Nani atakupiga nyumbani?" binti akauliza.

Mkewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alitoka alfajiri na kurudi hoi. Watoto walishajitegemea. Aliyebaki nyumbani ni mama mkwe.

Sasa huyo mama mkwe alikuwa na dukuduku tangu siku ya posa. Alitaka mkwe mwanasheria, akaletewa mtu wa sponji na misumari. Tangu afiwe na mumewe na kuhamia kwao, yeye na fundi hawakusemezana ila kupitia kwa binti yake. Alipoitwa hospitali kufundishwa kumpiga mkwewe, alifika kabla ya daktari.

Alionyeshwa namna ya kukunja kiganja kama anayeteka maji, aepuke uti wa mgongo na figo, sauti iwe ya mdundo, si ya kofi. Alisikiliza kama mtu anayesomewa urithi. Mwisho akauliza kama kuna ubaya kuongea huku akipiga. Binti wa mazoezi, kwa ujana wake, akasema hakuna.

Basi kila asubuhi na jioni fundi alilala juu ya mito ya makochi ya wateja, matako hewani, kopo chini ya kidevu, na mama mkwe akapiga huku akisimulia: paa linalovuja, harusi isiyo na maana, wanaume waliokataliwa kwa ajili ya huyu. Kila fundi alipotema, yeye alichungulia kopo kama mnunuzi wa samaki.

"La jana lilikuwa kijani," alisema siku moja. "Hili limeanza kufanana na la binadamu."

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na taarifa.

Fundi akagoma. Alitangaza amepona, akarudi kwenye misumari yake, na kifua kikaanza kujaa kimyakimya. Baada ya siku kadhaa mama mkwe alisimama mlangoni mwa karakana na kumwambia, mteja akisikia, kwamba lile kochi limepinda kama aliyelitengeneza. Uvumilivu ukamwishia. Fundi akatupa nyundo.

"Mama, tangu nimuoe mwanao, sijawahi..."

Pumzi ikakata. Kikohozi kikamkunja, midomo ikageuka rangi ya majivu, akashikilia mgongo wa kochi asianguke. Mama mkwe hakucheka.

"Lala," akasema. "Utamalizia."

Siku hiyo alipiga bila kusema neno. Fundi akavuta, akasukuma, akatema, akavuta tena. Mteja alikumbuka ana shughuli nje. Hewa ilipomfika fundi mpaka chini kabisa, aliketi, akajipangusa mdomo, akamalizia sentensi yake: posa, harusi, paa, kopo na ulimi wa kutembeza habari, yote kwa mkupuo. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Ungeyasema hayo zamani," akajibu, "ningekuheshimu."

Tangu hapo waligombana wenyewe kwa wenyewe, na mkewe akapata kupumzika.

Kliniki iliyofuata, binti wa mazoezi alisikiliza kifua akafurahi. Akampa fundi kifaa kidogo mfano wa kiko. Ukikipuliza, gololi iliyomo hurukaruka na kutikisa kifua, huhitaji mtu. Fundi alikipeleka nyumbani kama kombe. Mama mkwe alikitazama kama mke mwenza, akaingia chumbani kwake, na chakula akakisusa.

Kifaa kilifanya kazi vizuri, ukweli usemwe. Lakini nyumba ilipooza. Jioni moja fundi alipanga mito, akalala kiubavu, akaita.

"Mama, hiki ni cha asubuhi. Jioni bado ni yako."

Mama mkwe alichukua muda wake kutafuta kandambili. Akaja, akakunja viganja, akaanza na habari za jirani wa nyumba ya pili na fundi bomba wake. Alipomwacha akohoe, fundi alitema upesi na kuuliza ikawaje.