Ubao wa Kung'aa

"Nani amepaka huu ubao?" Popo aliuliza kutoka mlangoni, brashi ya ukutani ikimdondoshea rangi nyeupe kwenye kiatu.

"Sisi wenyewe," alijibu Spika, mwenyekiti wa chama cha waliosoma shule ile, huku akijifuta vidole kwa karatasi. "Wewe uko huko nje unaandika jina la chama ukutani, sisi tukaona tusikae bure. Madarasa manne, mbao nne, saa moja tu. Fundi, tumekunyang'anya kazi."

Wenzake wakacheka. Walikuwa kumi na wawili, wote ndani ya fulana mpya za njano, wengine na vitambi ambavyo shuleni hawakuwa navyo. Nyuma yao ubao uling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride.

Popo aliinua kopo akasoma. Rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti. Na kwenye orodha ya vifaa yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: rangi ya ubao, isiyong'aa. Hakuwa na kitu kingine cha kuichangia shule ila mikono yake, na mikono hiyo aliiahidi kwa zile mbao nne. Spika alikwenda dukani, akaona hii inapendeza zaidi.

"Hii haishiki chaki," alisema. "Inateleza. Na jua la dirishani likipiga hapa, hakuna mtoto atakayeona kitu."

"Si ikikauka itashika?"

"Ikikauka ndiyo basi tena. Nipeni matambara na tina ya kuyeyushia rangi niifute sasa hivi, bado mbichi. Hata saa haiishi."

Spika alitazama saa yake. "Popo, ndugu yangu, mgeni rasmi yuko njiani na mpiga picha wake. Ukifuta sasa, picha tutapigia wapi? Ngoja tupige, halafu futa utakavyo."

Popo alimgeukia Mwalimu Mkuu, mama mpole aliyekuwa ameshika daftari la wageni kifuani. Yule mama alitazama sakafu. "Sisi tunashukuru kwa vyote," alisema.

Samaki mkunje angali mbichi. Popo alilijua hilo, na tambara lilikuwa pale pale mfukoni mwake. Lakini kati ya watu wote mle ndani ni yeye peke yake ambaye hakumaliza masomo, na kila alipotaka kubishana na hawa watu ulimi ulikuwa mzito. Akalisukumia tambara ndani zaidi ya mfuko.

Mgeni alichelewa, kama kawaida ya wageni rasmi. Wakakaa juu ya madawati wakikumbushana: uji wenye wadudu, kengele iliyoibwa, mwalimu wa zamu aliyetembea bila viatu ili asisikike.

"Mnakumbuka Popo alivyoambiwa asome ubaoni?" alisema mmoja wao, nesi, machozi ya kicheko yakimtoka tayari. "Kasoma sentensi nzima, tena kwa sauti. Na ubaoni kulikuwa na ramani."

Wakaangua kicheko. Popo naye akacheka, maana alishazoea kucheka hapo. Hakuna aliyekumbuka viboko vilivyofuata. Hakuna aliyekumbuka kwamba alihamishiwa mbele kabisa na bado hakuona, kwa sababu ubao wenyewe ulikuwa umechakaa na kupauka kama jivu, na kwamba mwaka wa tatu alikwenda likizo asirudi. Miwani alikuja kuinunua kwa ujira wake wa kwanza wa kupaka rangi. Siku hiyo alitembea mji mzima akisoma vibao vya maduka, kimoja kimoja, na alipofika nyumbani alilia kwa hasira.

Mgeni akaja. Hotuba zikasomwa, na picha zikapigwa mpaka jua likageuka. Watu walipoanza kutawanyika Popo alikimbilia ubaoni, akagusa kwa kidole. Kidole kilirudi kikavu.

"Si utapiga msasa tu?" alisema Spika akifungua mlango wa gari. "Kazi ndogo hiyo kwako."

Jumapili alianzia darasa la mwisho, darasa la binti yake. Rangi ilikuwa kavu juu, chini bado laini. Msasa ulijaa utando baada ya kusugua mara tatu, ikabidi autupe na kukunja mwingine. Binti alimletea maji ya kunywa. Alikuwa amerithi macho ya baba yake, na miwani minene juu yake.

"Kesho Mwalimu wa hesabu anaanza marudio ya mtihani," alisema.

"Najua, mama."

"Baba, kwa nini hukuifuta jana ikiwa mbichi?"

Popo aliendelea kusugua. Jibu alilokuwa nalo lilimwaibisha. Jioni ilipoingia alikuwa amepata kipande kimoja tu kwenye pembe ya chini, kama ukubwa wa sinia mbili. Alikipaka rangi ya ubao iliyobaki kwenye kopo lake la nyumbani. Kwenye simu wenzake walikuwa wakipongezana kwa picha. Mwanga wa kamera ulikuwa umegonga ubao ukarudi, ukamfuta Spika uso wote.

Jumatatu alirudi na msasa mpya, akasimama nje ya dirisha kusubiri mapumziko. Mwalimu wa hesabu alikuwa amechuchumaa kwenye ile pembe, akiandika kwa herufi ndogo ndogo kama za barua, akifika mwisho anafuta na kuanza tena. Vichwa arobaini vilikuwa vimeinamia upande mmoja. Walioko nyuma walikuwa wamesimama juu ya madawati. Binti yake, dawati la mbele, alivua miwani, akaifuta kwa sketi, akaivaa.

"Soma hapo," Mwalimu alimwambia.

Binti alikaza macho. Popo aliukunja msasa mara mbili, akaukunja tena, akasubiri kusikia atakachosoma.