Pumzi ya Goli

"Toa pumzi," alisema Bi Maftaha.

Fauzia akaitoa.

"Yote. Hiyo ya chini umembakizia nani?"

Akaitoa na ya chini. Mama yake akauvuta mkaja, kile kitambaa kirefu wanachofungwa wazazi tumboni, akauzungusha mara ya tatu na kuichomeka ncha yake kiunoni kwa nguvu za mtu anayefunga gunia la korosho. Ilikuwa siku ya thelathini na sita tangu ajifungue. Zilibaki nne arobaini itimie, na fainali ilikuwa leo, saa kumi.

"Mama, dakika tisini tu. Nitakaa kwenye kiti, nimejifunika vizuri. Magharibi hainikuti nje."

"Uwanjani? Kwenye vumbi, na kipaza sauti mkononi?" Bi Maftaha hata hakugeuka. "Mzazi hapigi kelele, mwanangu. Tumbo lako bado bichi. Mumeo kakuleta hapa nikulee, hajakuleta nije kukuokota."

Akatoka kwenda kuchemsha maji ya kumkandia jioni.

Kwa misimu mitatu Fauzia ndiye aliyekuwa mtangazaji wa ndondo za Mtanda, zile mechi za mpira za mtaani. Kabla yake mechi zilitangazwa na wanaume wenye sauti za kutangaza misiba. Yeye aliwapa wachezaji majina. Beki mnene akamwita Geti la Bandari, na winga mfupi asiyetulia akamwita Pilipili Kichaa, hata mama mzazi wa huyo kijana siku hizi humwita hivyo hivyo. Lakini kilichowafanya watu wapande juu ya kuta ni goli lake, ule ukelele wa "gooo". Alilivuta kutoka chini ya kitovu, kwa pumzi moja, huku vijana wakimhesabia kwa simu. Sekunde kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kumfikia. Alitangaza mpaka mimba ilipofika miezi minane, na siku hiyo alipiga kumi na sita, wakamsamehe.

Kosa alilifanya mwenyewe. Wiki iliyopita Tawakali, kijana mwenye spika za kukodisha, alikuja kubisha hodi mlangoni. "Dada Fauzia, nikushikie nafasi yako tu, mpaka utoke." Na Fauzia, kwa ule moyo laini wa mtu aliyetoka kujifungua, akamtolea daftari lake la majina. Lote, na mbwembwe zake zote. Juzi kamati ikakaa, ikasema atakayetangaza fainali ndiye atakayetangaza msimu ujao, watu wasichanganywe na sauti mbili. Habari hiyo aliileta Saad, mumewe, pamoja na samaki fungu moja, vibua, akaisema kwa sauti ile ile aliyosemea kwamba vibua leo ni vidogo.

Basi Fauzia akalala chali, mwanawe Nusaiba kifuani, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo, akawaza upuuzi, maana upuuzi ndio pekee uliokuwa na ruhusa ya kuingia na kutoka chumbani humo.

Aliwaza kwamba mchezaji akichanika msuli hukaa nje wiki sita. Arobaini nayo ni wiki sita kasoro kidogo. Lakini mchezaji huombewa dua na mashabiki, hukaa jukwaani na miwani ya jua, na siku ya kurudi huinuliwa kibao chenye namba yake, watu wakasimama. Mzazi anainuliwa kibao gani? Aliwaza tamthilia ya Kituruki anayoifuata mama yake kila mchana. Mle mwanamke alijifungua Jumatatu, na Jumatano mtoto akawa na begi la shule. Arobaini yao ililiwa na matangazo ya sabuni. Na hao wasanii wa bongo fleva, wanaoimba bebi kila mstari, hakuna bebi wao hata mmoja aliyewahi kumtapikia mtu maziwa shingoni. Nusaiba mwenyewe nyimbo za kubembelezwa alizikataa. Alisinzia kwa singeli tu, ikipigwa chini chini kwenye simu, kwa kasi ile ile inayowavunja viuno watu wazima.

Alimpenda. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini kuna saa alimtazama akamwona ni komeo lililofungwa kwa nje, kisha akaona haya, akambusu visigino.

Spika za uwanjani zikakoroma, na Tawakali akaanza. Kipindi cha kwanza aliyasoma majina ya daftarini kama anayewaita wagonjwa zahanati. Geti la Bandari. Pilipili Kichaa. Watu wakamzomea.

"Unamsikia?" Fauzia alimwambia mwanawe. "Bado kuwaambia wapange foleni."

Alifurahi. Alijua ni furaha mbaya, na hakuiachia.

Kipindi cha pili akashindwa kuvumilia. Alimlaza mtoto, akasimama, akaichomoa ncha ya mkaja. Kitambaa kikamporomokea miguuni. Akaanza kutangaza kwa sauti ya chini, akiufuata mchezo kwa kelele za watu: pale wamepiga kona, pale refa katukanwa. Maneno yalimjia yenyewe. Mwili wote ulimsisimka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku thelathini na sita alijiona ni yeye.

Ndipo uwanja ukalipuka.

Fauzia akafumbua kinywa. "Gooo..." Ikafika sekunde ya nne ikakatika. Akajaribu kuifukua pumzi pale chini ya kitovu ilipokuwa ikikaa siku zote, akakuta pamelegea, patupu, kikamtoka kikohozi kidogo cha aibu.

Nje, Tawakali alikuwa bado anakwenda. Nane. Kumi. Sauti haikuwa tamu, ilikwaruza, lakini ilikwenda. Fauzia alijikuta anamhesabia, kama yeye alivyohesabiwa. Kumi na tano. Kumi na saba. Kisha watu wakaanza kuliimba jina, na halikuwa lake.

Akakaa kitandani akalia. Maziwa yakamlowesha kanga, asiyajali.

Bi Maftaha aliingia na beseni la maji ya moto, akauona mkaja sakafuni. Akaliweka beseni chini taratibu.

"Umeanguka?"

"Hapana, Mama."

"Damu?"

"Hapana. Pumzi. Pumzi yangu haipo."

Fauzia alisubiri kugombezwa. Mama yake aliinama, akauokota mkaja, akaukung'uta vumbi.

"Msimu uliopita nilikuwa nakusikia mpaka pale uani," alisema. "Ukianza wewe, nazima tamthilia."

"Unaizima?"

"Sauti. Picha naiacha. Haya, inuka."

Fauzia akainuka, akanyanyua mikono, na kwa mazoea akaanza kutoa pumzi.

"Nani kakwambia utoe? Vuta."

Akavuta.

"Na ya chini."

Akaitafuta ya chini. Ilikuja kidogo, inatetemeka. Kule uwanjani bado waliliimba lile jina. Bi Maftaha alisimama mbele yake, ncha mbili za mkaja mikononi, hajafunga, midomo ikimcheza kwa kuhesabu.

"Tatu," alisema. "Nne. Usiitoe. Tano."