Mkono wa Mwalimu Uko Juu

Bendi ya jazi ya chuo kikuu ilikuwa na nafasi moja tu ya tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta na kusukuma, na Kimya aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyotaka kufaulu hesabu zilizompeleka chuoni. Jina la Kimya alipewa na wenzake wa bwenini, kwa kuwa alikuwa msichana wa kutazama kwanza. Hata ukimuuliza kama chai imekolea sukari, ataionja, ataifikiria, ndipo akujibu.

Tromboni alifundishwa na mjomba wake, kiongozi wa bendi ya matarumbeta iliyosindikiza maharusi na maiti, mara nyingine siku hiyo hiyo na kwa nyimbo zile zile, mwendo tu ukibadilishwa. Sheria ya mjomba ilikuwa moja. Mkono wake ukiwa juu, unapiga. Ukishuka, unanyamaza. Hakuna udhuru. Kuna siku nyuki walivamia msafara wa harusi. Bwana harusi akatimua mbio, wapambe nyuma yake, lakini bendi ikabaki pale pale inapiga, midomo imevimba kama maandazi, kwa sababu mjomba alikuwa anafukuza nyuki kichwani na mkono ulikuwa haujashuka.

Mwalimu wa bendi ya chuo alikuwa mtu mwingine kabisa: mrefu, mpole, mikono mfukoni.

"Hapa siongozi mtu," alisema siku ya kwanza. "Sikilizaneni tu."

Kimya alimwitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgonjwa mwenye homa.

Akakabidhiwa tromboni ya chuo kwa majaribio. Ya kwake hakuwa nayo, na ya mjomba haikukosa harusi hata Jumamosi moja. Mwalimu alimweleza wazi: atapiga kwenye onyesho la kufunga muhula, akifaa atabaki nayo, asipofaa itarudi stoo. Kimya hakulala vizuri tangu hapo. Akifumba macho anaiona stoo.

Sasa, kwenye jazi kuna mahali ambapo wote hupunguza sauti na mmoja huachiwa apige peke yake, akibuni papo hapo. Akitosheka, humtazama anayefuata, naye hupokea. Hilo hakuna aliyemwambia Kimya. Kwa wenzake lilikuwa kama kumwambia mtu afumbe mdomo anapotafuna. Wala mazoezini halikujitokeza, maana kila zamu yake ilipofika mwalimu alitoa mkono mfukoni: aliuinua ili wengine wapunguze sauti, kisha akaushusha ili amsahihishe jambo. Kimya akajisemea, kumbe ni yale yale ya mjomba.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa mstari wa mbele kabisa, kavaa koti lake la bendi lenye vifungo vya shaba, kifua mbele kama mgeni rasmi.

Wimbo ukaanza vizuri. Zamu ya Kimya ikafika, akasimama. Na alipokuwa anasimama tu, bomba la kushikia pazia la pembeni likachomoka kwenye ndoano yake, juu kabisa ya kichwa cha Radi, mpiga ngoma. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando yake, alilidaka kwa mkono mmoja. Akabaki hapo, kamezwa na pazia mwili mzima. Kilichoonekana ni mkono tu.

Kimya akatupa jicho. Mkono uko juu. Akapiga.

Alianza na yale aliyojiandaa nayo, watu wakapiga makofi. Yakamwishia. Akatazama: mkono uko juu. Akaingiza nyimbo za harusi, watu wakapiga makofi tena. Mwanasheria, kijana wa saksafoni anayesomea sheria, ambaye ndiye aliyepaswa kupokea, alisimama, akalowanisha midomo, akangoja, akaketi tena.

"Dada, inatosha!" Radi alinong'ona.

Kimya, mdomo umeshikwa na kazi, akamwonyesha mkono kwa nyusi. Radi akageuka, akauona, akachanganyikiwa, akaendelea kupiga.

Mkono ukaanza kutetemeka kwa kuchoka. Kwa mjomba, mkono ukitetemeka maana yake ni kaza! Kimya akakaza. Akahamia nyimbo za maiti. Mzee mmoja akavua kofia, akasimama.

"Huyu kafungiwa mlango bwenini?" mtu akauliza nyuma, ukumbi ukacheka.

Mwanasheria alitoa pipi mfukoni, akaimenya, akaanza kuimung'unya.

Kisha Kimya akaishiwa. Hakubaki na harusi wala maiti. Akaiona ile stoo, giza lake na buibui wake. Akatoa sauti moja ya chini, ya kukohoa, kama pampu ya maji ya bwenini asubuhi inapokataa kuwaka. Radi, aliyeijua sana pampu hiyo, alicheka, akaijibu kwa ngoma. Kimya akamjibu. Akanyamaza kidogo amsikie, mpiga besi akachomeka neno lake hapo katikati, na Kimya akalichukua, akaligeuza, akalirudisha. Wakawa kama watu kwenye foleni ya kuoga, mmoja anagonga mlango, mwingine anasema bado. Ukumbi ukaacha kucheka ukaanza kutikisika.

Ndipo wimbo wake ulipofika mwisho. Kimya alijua kama mtu anavyojua ameshiba. Akatazama: mkono bado uko juu. Akamtazama mjomba, na mjomba akamkazia macho.

Akashusha tromboni. Mkono ukiwa juu vile vile, akageuka, akamtazama Mwanasheria. Mwanasheria akameza pipi nzima nzima, akapokea.

Baada ya onyesho, nyuma ya jukwaa, Radi alikuwa anamsugua mwalimu bega. Mkono ulikuwa umekufa ganzi.

"Binti," mwalimu akasema, "nilikuwa naita humo paziani, malizia, malizia! Ulikuwa unangoja nini?"

"Mkono, mwalimu. Haukushuka."

Mwalimu akamwangalia, akauangalia mkono, akacheka mpaka akajiumiza bega.

"Na yale ya mwisho uliyatoa wapi?"

Kimya akafikiria kwanza. "Sijui. Nilikuwa nimeishiwa."

"Basi mazoezini uwe unakuja umeishiwa tayari. Tromboni nenda nayo."

Kimya aliikumbatia, na kabla hajaiachia, mjomba akaingia, vifungo vinametameta, sura imekunjamana.

"Nani kakuruhusu kunyamaza?"

"Wimbo wangu ulikwisha, mjomba."

"Mkono ulikuwa juu! Nimeuona kwa macho yangu!" Akamgeukia mwenye mkono. "Mwalimu, mmeniharibia mtoto."

"Bado, mzee wangu," mwalimu akasema. "Jumatatu aje tuendelee."