Majina ya Takaungu

Kache Mwambire alikuwa mwaka wa tatu chuoni Kilifi, akisomea uvuvi. Wenzake walilalamika kwamba bila mjomba serikalini hupati kazi. Yeye kila Jumamosi alikwenda Takaungu kukaa na mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki ufuoni, kuwakaanga na kuwauza. Aliwasaidia kupara magamba, akauliza, akaandika. Baada ya miaka miwili daftari lake lilikuwa na majina thelathini na nane na namba za simu.

Ndipo Ndirangu, mwenye kampuni ya utafiti Malindi, alipokuja chuoni kuzungumza.

"Kazi haiko kwenye cheti," aliwaambia. "Iko kwa watu. Anzeni kujuana nao mngali hapa."

Kache alimfuata nje, akamweleza habari za Takaungu. Ndirangu alimwahidi nafasi ya mafunzo kazini, akaomba picha za kurasa za lile daftari. Kache alimtumia siku ile ile.

Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Mwezi ulipopita, Bi Rufaida, kiongozi wa mama karanga, alimpigia.

"Watu wako wamekuja," alisema. "Wametupiga picha, wametuuliza hadi ya ndani ya nyumba zetu. Wamesema umewatuma wewe."

Kesho yake asubuhi Kache alikuwa ofisini kwa Ndirangu, akimuuliza kwa sauti ya juu habari za nafasi yake na za watu aliowatuma Takaungu.

"Nafasi zimejaa," Ndirangu alisema, hata kitini hakuinuka. "Mambo ndivyo yalivyo, binti. Leo unatoa, kesho unapata. Na usipandishe sauti. Pwani hii ni ndogo, utajiharibia jina."

"Jina langu ndilo ulilobishia hodi kwenye nyumba za watu!" Kache alifoka. "Lako nani angelifungulia mlango?"

Alitoka, akaenda moja kwa moja hadi Takaungu.

"Shikamoo, Bi Rufaida."

"Marahaba." Mama yule hakuinua macho kwenye karai la mafuta, wala hakumkaribisha kiti. "Ulituuliza kabla ya kumpa namba zetu?"

"Aliniahidi..."

"Nimekuuliza, ulituuliza?"

"La."

"Basi yule simjui, sina neno naye. Wewe nakujua. Wewe ndiwe uliyetutoa."

Kache alilia, na hakujua tena ni hasira kwa Ndirangu au kwake mwenyewe. Alipomaliza kulia aliomba karatasi. Aliandika barua kwa shirika lililompa Ndirangu kazi ya utafiti ule, kwamba wanawake hawa hawakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba kuwasomea. Thelathini na mmoja walitia sahihi. Saba walimfungia mlango, na mpaka leo hawamsemeshi.

Shirika liliamuru picha na maneno ya Takaungu yaondolewe. Ndirangu hakunyang'anywa kazi, aliiendeleza vijiji vingine. Kampuni mbili za Malindi, alizoziomba Kache nafasi, zilimjibu kwamba zimesikia ana maneno mengi.

Muhula ulikuwa unakaribia kwisha Bi Rufaida alipomwita, akamshika mkono hadi ufuoni kwa ndugu yake Abdalla, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kupima na kuandika samaki wanaoshushwa.

"Nimekuletea huyu," alisema. "Hasira naye ningali nazo. Lakini kazi anaijua."